Wapenzi wa UB40, ile bendi ya rege ya Uingereza, njooni tupeane uzoefu, ilikuingiaje damuni?

Mzee wa Kanda: Wakuu salaam. Leo asubuhi dereva wa daladala kapiga Kingston Town nikapitiliza kituo changu makusudi ili iishe. Nimekumbuka kanda yetu ya Labour of Love, marehemu kaka aliandika juu kwa kalamu nyekundu USIREKODI HUMU, mimi nikarekodi mpira. Alininunia mwezi mzima. Nyie je?

Mtoto wa Ngamiani: Yetu ililiwa na deki. Tuliizungusha na kalamu ya bic mpaka vidole vikauma.

Chausiku: Mimi ni siku nilipopunguzwa kazi. Nilikuwa nacheza nyimbo zao miaka yote nadhani UB40 ni jina tu, kumbe ni fomu, kadi aliyokuwa anapewa Mwingereza asiye na ajira anayedai posho, na hao vijana wa Birmingham walipoanza 1978 foleni hiyo walikuwa wanaijua. Jalada la albamu yao ya kwanza, Signing Off ya 1980, ni hiyo kadi yenyewe imekuzwa. Sasa chukua One in Ten, yaani mmoja kati ya kumi asiye na kazi, uisikilize jioni umetoka kuambiwa kesho usije. Nililia nikiwa nimeshika sufuria.

Kibo77: Pole dada. Ila tuseme ukweli, nyimbo zao kubwa ni za kukopi. Red Red Wine ni ya Mmarekani Neil Diamond, 1967.

Chausiku: Kibo umesoma nilichoandika? One in Ten ni ya nani? Food for Thought ya nani?

Kibo77: Nimesema zile KUBWA. Red Red Wine ndiyo iliyowapeleka namba moja Uingereza 1983 na Marekani 1988, mwaka ule walioimba Wembley kwenye tamasha la miaka 70 ya Mandela.

Rasi Mvita: Wao wenyewe waliijua kwa Tony Tribe, ya rege. Walichofanya ni kuimba nyimbo walizokua nazo mtaani, kuna kosa gani hapo? Na kwenye Food for Thought mimi nilisikia "prima donna" miaka ishirini, kumbe ni "Ivory Madonna". Wimbo wa njaa, mi naucheza harusini.

Mswahili wa Birmingham: Nilikuwa msomaji tu humu ila leo naandika. Baba alinitembelea huku miaka michache kabla ya korona, nikamkatia tiketi ya UB40 kama sapraizi, kanda zao ndizo zilizonilea Tanga. Sikusoma vizuri. Mnajua Ali Campbell, mwimbaji wao mkuu, aliondoka 2008 kwa ugomvi wa mambo ya usimamizi na hela, nduguye Duncan akachukua maiki, Astro, mwimbaji mwenzao, naye akamfuata Ali 2013, zikawa bendi mbili na jina moja wakalifikisha mahakamani. Mi nikakata ya upande ambao Ali hayupo. Mzee kavaa koti lake la Idi, kakaa, muziki umeanza, sauti ikatoka siyo. Akanigeukia akaniuliza taratibu, "Ali anaumwa?" Nikamweleza pale pale kwenye kelele, nikaona uso unamwanguka, natamani ardhi ipasuke. Akasema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, halafu kimya. Nikajua nimeharibu safari. Sasa Brian Travers akasogea mbele na saksafoni, zile noti za mwanzo tu, mzee akasimama. Miaka sabini na kitu, magoti mabovu, hakukaa tena mpaka taa zikawashwa.

Mtoto wa Ngamiani: Aisee.

Rasi Mvita: Hapo kwenye "Ali anaumwa" nimeweka simu chini kwanza.

Bi Shombe: Ushauri kwa wanaokata tiketi: tafuta jina la Ali kwenye tiketi, hakuna jina usilipe. Sauti ndiyo UB40.

Kibo77: Siyo kweli, Robin kaka yake Ali, Jimmy Brown wa ngoma na Earl Falconer wa besi wapo upande ule tangu mwanzo. Kata ya huko.

Bi Shombe: Besi haiimbi Kibo.

Kibo77: Rege bila besi ni nini?

Rasi Mvita: Kateni zote mbili. Au nunueni Signing Off mkae nyumbani, waliirekodi kwenye chumba cha kupanga, saksafoni wakapigia jikoni, ngoma ndogondogo na matari bustanini, ukisikiliza vizuri unasikia ndege wanalia.

Chausiku: Ndugu wa Birmingham, mzee yupo?

Mswahili wa Birmingham: Yupo alhamdulillah. Agosti 2021 Travers alipofariki na uvimbe wa ubongo alinipigia yeye saa tisa usiku, "yule wetu wa saksafoni kaondoka." Novemba hiyo hiyo akaondoka Astro, nikaogopa kumwambia, akawa ameshasikia redioni. Aliuliza tu kama Ali na Robin wamekutana msibani. Bado ananiuliza kila nikipiga.