Bomba la choo kwenda karoni linagoma: nibadilishe kipande, nifumue lote, au nichimbe karo jipya?

Kibatari
Wakuu, habari za jioni. Nina bei tatu mkononi, naomba mnisaidie kuzichambua kabla sijatoa hela.

Nyumba iko Tabata, niliinunua 2016 ikiwa imekamilika. Ramani ya mabomba hakuna, aliyejenga aliondoka nayo kichwani. Karo la maji taka liko nyuma, kama mita 18 kutoka choo cha ndani. Njiani kuna chemba mbili (vishimo vya kukagulia bomba): moja kona ya jiko, nyingine mlangoni mwa karo. Bomba linapita chini ya pevingi niliyoweka mwaka juzi, na karibu na karo kuna mwarobaini mkubwa ambao mke wangu hataki kusikia habari ya kuukata.

Tangu masika choo kinarudisha. Nimezibuliwa mara nne, kila mara elfu arobaini, na hakivuki wiki tatu. Karo lenyewe nililinyonya mwezi uliopita, halijajaa. Basi tatizo ni bomba.

Fundi wa kwanza anataka kukata mita 6 za karibu na mwarobaini na kuweka kipande kipya: 650,000. Wa pili anataka kufumua mita zote 18 na kujenga upya chemba zote mbili: 1,850,000. Wa tatu anasema niachane na nyuma kabisa, nichimbe karo jipya mbele, mita 5 tu kutoka chooni: 4,300,000, na analidhamini miaka kumi (sijui kwa karatasi gani).

Moyo unanituma kwa wa kwanza. Nakosea?

Mzee wa Chemba
Mkuu, hizo si bei tatu za kazi moja. Ni kazi tatu tofauti, kuzilinganisha ni kama kulinganisha nauli ya Kibaha na ya Morogoro.

Niko kwenye mabomba miaka 22. Bomba lenyewe ni hela ndogo kwenye hesabu. Hela inaliwa na sururu: kuvunja, kuchimba, kurudishia. Kwa hiyo usiniambie "mita 18", niambie kina chake ni kipi na juu yake kuna nini. Mita 18 kwenye bustani na mita 18 chini ya sakafu ya vigae ni dunia mbili.

Waulize wote maswali haya haya: pevingi anarudishia nani? Kifusi kinabebwa na nani? Mchanga wa kulalia bomba umo kwenye bei? Bomba ni lipi, lile nene la chini ya ardhi au lile jembamba la kushushia maji ya mvua (naongelea ukuta wake, si upana)? Anayekupa bei ya chini mara nyingi ameacha vitu nje ya karatasi. Siku ya tatu mtaro uko wazi, watoto wanauruka kwenda shule, ndipo anakuja na "bosi, kuna kitu kidogo hapa".

Lakini kubwa kuliko yote, hakuna hata mmoja aliyekwambia bomba limeharibikia WAPI. Wa kwanza kaona mti, kahisi mizizi. Anaweza kuwa sahihi. Ila unalipa laki sita na nusu kwa kuhisi.

Kesho fanya hivi, haitakugharimu kitu. Fungua chemba zote mbili, mwaga ndoo kadhaa bomba lisafike. Mtu mmoja amulike tochi kali ndani ya bomba kutoka chemba ya karo. Wewe shusha kioo kidogo, hata cha pikipiki, kwenye chemba ya jiko, ukilaze nyuzi 45 mbele ya mdomo wa bomba, uangalie kutoka juu. Ukiona duara kamili kama mwezi wa kumi na nne, bomba limenyooka. Ukiona nusu ya mwezi, limebonyea na maji yamelala humo. Mizizi utaiona kama ndevu. Usipoona mwanga kabisa, limeziba, limekatika, au kuna kona aliyoificha fundi wa zamani.

Na karo lenyewe msilifungue kuchungulia, wala kuingiza kichwa, wala kuwasha kiberiti. Hewa ya mle imeshaua watu.

mama_Nasra
Kibatari, mimi ndiye niliyemsikiliza fundi wa kwanza, kwa hiyo nisikilize mimi.

Mikocheni, 2019. Kipande cha mita 4, kazi ya siku moja, nikashangilia. Miezi saba baadaye bomba likapasuka hatua mbili mbele ya pale walipounga. Lile la zamani lilikuwa limechoka, jembamba, ukiligonga linatoa mlio wa ganda la yai. Wakaunga tena. Mara ya tatu maji yakaanza kutokea kwenye msingi wa chumba cha watoto, ndipo nikafumua lote. Nikijumlisha vile vipande viwili na kazi kubwa, nililipa karibu mara mbili ya ambacho ningelipa mwanzo.

Na kuna gharama ambazo hazikuwa kwenye karatasi ya mtu yeyote. Kwetu maji ya ardhini yako juu. Walipofika kama mita moja mtaro ukajaa, nikakodi pampu siku tatu. Siku nne hatuna choo, watoto wakalala kwa bibi yao Magomeni, mimi naomba msalani kwa jirani kama mpangaji mpya. Pevingi tuliyoitoa nusu ilivunjika, na rangi ile kiwandani ilikuwa imeshaachwa. Mpaka leo uani kwangu kuna kiraka kama shuka la viraka.

Kipande kina maana kama bomba lililobaki ni zima na nene, na aliyelivunja unamjua, mathalani nguzo ya uzio ilichimbiwa juu yake. Kama limechoka lote, kipande kinakununulia miezi tu.

Kipara
Mnazunguka sana. Weka inchi 6 badala ya 4 mambo yaishe. Bomba kubwa haliwezi kuziba.

Mzee wa Chemba
Kipara mdogo wangu, hapo umeteleza. Maji ya nyumba moja ndani ya inchi 6 yanatambaa chini kama jasho, hayana kina cha kubeba mzigo. Mzigo unabaki, maji yanaupita. Familia moja, inchi 4 inatosha kabisa. Kinachotakiwa ni mteremko: sentimita 2 mpaka 2 na nusu kwa kila mita, usiokatika. Na usiruhusu elbo (kiungo cha kona) ya nyuzi 90 kufukiwa. Kona ya chini ya ardhi unaweka mbili za 45, au unajenga chemba.

Mteremko tunaupima kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Fundi akija na jicho lake tu, mwambie jicho lake abaki nalo.

Njoro wa Buru
Salamu kutoka Nairobi. Huku kwangu Buruburu hakuna karo, tumeunganishwa na laini kuu, lakini maumivu ni yale yale. Nyumba zetu ni za miaka ya 1970, na kila mtu amejenga ekstensheni nyuma. Mimi nilinunua nikakuta jiko limejengwa juu ya laini ya choo, na chemba imefunikwa na vigae chini ya friji. Chini ya friji, jameni.

Plama wa kwanza alitaka kuvunja sakafu ya jiko. Wa pili akaniambia niiache ile laini ife hapo hapo, nipitishe mpya kando ya nyumba, nje. Mita zikaongezeka kutoka 9 hadi 15, bei ikashuka, kwa sababu kuchimba udongo si kama kuvunja slebu na kuweka vigae upya. Kwa hiyo njia fupi si lazima iwe ndiyo rahisi. Huyo fundi wako wa tatu asikuuzie "mita 5 tu".

Na kwa yeyote aliyeunganishwa na laini ya mji: kabla hujachimba, uliza kampuni ya maji laini yako inaishia wapi na yao inaanzia wapi. Upande wako ni wa mfuko wako. Mimi nililipa kuzibuliwa mara mbili kumbe kizuizi kilikuwa kwenye laini kuu, na hiyo si yangu kuzibua. Ukichimba barabarani bila kibali, kanjo (askari wa jiji) watakukuta kabla plama hajavua koti.

Mbongo_Ohio
Wakuu, niwape ya huku Columbus, Ohio, mjue hata Marekani mwenye nyumba analia. Wengi tunaokuja huku tunadhani ukishafika nje ya ukuta ni shida ya serikali. Wapi! Kwangu bomba lote kutoka nyumbani mpaka linapogusa bomba kuu la jiji, hata ile sehemu ya chini ya barabara, ni langu. Na bima ya nyumba ya kawaida haikulipia, ilitakiwa niwe nimeongeza kipengele chake tangu mwanzo.

Nyumba yangu ni ya 1951. Kamera ilipoingia tukakuta bomba linaloitwa Orangeburg. Hili lilitengenezwa kwa nyuzi za mbao zilizolowekwa lami. Karatasi, ndugu zangu! Baada ya vita vya pili waliliweka kwenye nyumba nyingi mpaka miaka ya 1970 mwanzoni. Linalainika, linabonyea, linakuwa umbo la yai.

Nilipewa njia tatu. Kuchimba mtaro wote: dola 9,800, bila kurudishia njia ya gari. Kuingiza soksi yenye gundi ndani ya bomba la zamani ikakauka na kuwa bomba jipya: wakaikataa wenyewe, kwa sababu soksi inafuata umbo la bomba lililopo, lililobonyea litabaki limebonyea. Ya tatu, wanachimba shimo mwanzo na shimo mwisho, wanavuta kichwa cha chuma kinachopasua bomba la zamani huku kikiburuta jipya nyuma yake: dola 12,400. Nikachukua hiyo. Juu ya mtaro kungekuwa na njia ya gari ya zege na mti wa jirani. Nilipojumlisha kuvirudisha, ya bei kubwa ikawa ndiyo nafuu.

Kibatari, kwa mita zako 18 za uani hayo mashine huyahitaji. Ila kamera, kama kuna anayekodisha hapo Dar, ni hela iliyotumika vizuri. Huku watu wanaiingiza kabla hata ya kununua nyumba.

Kibatari
Wakuu nimerudi, na nina aibu kidogo.

Asubuhi nimetoa kioo cha pikipiki ya shemeji, nikafanya kama Mzee alivyoelekeza. Nimeona mwezi mwandamo! Kipande chembamba cha mwanga kwa juu, chini kote giza la maji. Nikaingiza waya wa kuzibulia kutoka chemba ya jiko, unagonga kwenye mita 6. Nikapima juu ya pevingi. Mwarobaini uko mita 12.

Mita 6 ni pale lori la mchanga wa pevingi liliposimama mwaka juzi. Nakumbuka, kwa sababu tairi la nyuma lilizama na tukalitoa kwa mbao. Nimefukua kidogo pembeni: bomba ni lile jembamba la kijivu, na halina hata sentimita 30 za udongo juu yake.

Kwa hiyo fundi wa kwanza angechimba mita 6 mahali ambapo hakuna kitu.

Nimepima pia vina vya mabomba kwenye chemba: ya jiko sentimita 30, ya karo 55. Kati yake mita 14. Uwanja nimeuona uko sawa, nimeupima kwa huo mpira wa maji. Mzee, hiyo inatosha?

Mzee wa Chemba
Umefanya kazi ya fundi, mkuu. Sentimita 25 kwa mita 14 ni chini kidogo ya 2 kwa kila mita. Inapita, lakini haina akiba: ikibonyea sehemu moja tu, karatasi zinatuama pale. Ndiyo maana ukizibua linapumua wiki tatu halafu linarudi, waya unatoboa uchafu lakini bonde linabaki.

Kama bomba la karo linaweza kushushwa sentimita 5 hadi 10 bila kuzama kwenye maji ya karo, lishushe. Kama haliwezi, baki na mteremko huo huo na lilale vizuri.

Ushauri wangu: wa pili, lakini asijenge upya chemba zote mbili. Kama kuta ni nzima, zisakafiwe ndani zipate mfereji laini, hapo bei ishuke. Bomba nene. Mchanga chini na juu, asifukie na mawe. Pale gari linapoweza kupita, alifunike kwa zege. Karo jipya la mbele huna sababu nalo, la nyuma linafanya kazi.

Na maji ya bati yasiingie humo. Umesema ilianza masika, hebu angalia bomba la gata (mfereji wa maji ya paa) linaishia wapi.

mama_Nasra
Pevingi zitolewe moja moja kwa nondo bapa, zipangwe pembeni, zihesabiwe mbele yako. Nimesema.

Kibatari
Gata linaishia kwenye chemba ya jiko 😂 Mungu anisamehe, nililielekeza mimi mwenyewe.

Nimezungumza na fundi wa pili. Tumeandika kila kitu kwenye karatasi: mtaro, mchanga, bomba nene, zege mita 4 za njia ya gari, kusakafia chemba, kurudishia pevingi, kubeba kifusi. Imeshuka mpaka 1,620,000, nusu mwanzo, nusu baada ya kumwaga ndoo kumi na kuona duara kwenye kioo. Gata nalihamisha mwenyewe kwenda kwenye migomba. Anaanza Jumamosi. Mama watoto amefurahi, mti wake umepona.

Mzee wa Chemba
Safi. Jumapili, kabla hajafukia, laza futi kamba juu ya bomba kuanzia ukutani, upige picha kila baada ya mita mbili.

Kibatari
Nitaziweka hapa hapa. Shemeji anaulizia kioo chake.