Siasa hadi kwenye magurupu ya msiba? Mmezidi sasa!

Wakuu, nitasema bila kuremba. Gurupu la WhatsApp limefunguliwa kwa ajili ya msiba: michango, sanda, saa ya maziko. Mtu anaandika, "Marehemu alikosa dawa hospitali." Anajibiwa, "Nyie wapinzani hamna shukrani." Kaongelea dawa, kajibiwa chama! Naye anarudisha, "Machawa mmelipwa shilingi ngapi?" Kufika adhuhuri nusu ya watu wamejitoa, mweka hazina akiwemo, na hela ya sanda anayo yeye.

Haya yanakoishia tunakujua. Uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2015 ulipofutwa na kurudiwa Machi 20, 2016, Pemba watu walisusiana hadi dukani na mazikoni. Na ni Wazanzibari hao hao ambao Julai 31, 2010 asilimia 66.4 ya waliopiga kura ya maoni walikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Kabla ya kura hiyo, Novemba 2009, Rais wa Zanzibar wa wakati huo, Amani Karume wa CCM, na Maalim Seif, kiongozi wa upinzani wa CUF, walikaa wakazungumza, na hakuna aliyerudisha kadi ya chama chake.

Nyie mnashindwa nini? Mtu akileta jambo, jibu jambo. Hujaelewa, muulize: "Zahanati ipi, dawa gani?" Hapo anaacha kutetea chama, anaanza kueleza. Kabla ya kumpinga, rudia hoja yake mpaka akubali kwamba ndiyo aliyosema, maana wengi wenu mnapinga vitu ambavyo hata havikusemwa. Ukipandwa na hasira mfuate inboksi. Mbele ya gurupu zima hakuna atakayekiri kakosea huku wenzake wa chama wanamtazama. Voisi ya dakika nne haijibiwi kwa voisi ya dakika tano. Na ujumbe wenye mishale miwili umeshasambazwa mno. Tangu Aprili 2020 WhatsApp wanakuruhusu kuutuma sehemu moja tu kwa wakati, lakini wewe unauzungusha gurupu moja moja kama mgawa kadi za harusi!

Maadmini ndio mmenichosha zaidi. Kufunga gurupu saa mbili tatu watu wapoe, sawa. Ila mnafunga, halafu mnabandika picha za mgombea wenu wakati wengine hawawezi kuandika. Mtu anatolewa kwa "kukiuka taratibu" ambazo hazijaandikwa popote. Ziandikeni kwenye maelezo ya gurupu leo, na wa kwanza kufutiwa ujumbe awe wa chama chenu.