Mrejesho: Mama aliyekuwa anazimia, mapigo 34 kwa dakika

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kuhusu mama yangu, miaka 71, aliyekuwa akianguka ghafla na kuzinduka baada ya sekunde chache. Wengi mlisema kifafa au presha ya kushuka. Mmoja alisisitiza apimwe ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Mkuu, ubarikiwe sana.

Zahanati walikuwa wanampa dawa za malaria tu! ECG ikaonyesha njia ya umeme wa moyo imekatika. Daktari alinieleza kwamba moyo una jenereta yake, kifundo kidogo kwenye chumba cha juu kulia, ambacho mtu akitulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Ishara yake hupita kituo cha katikati, kisha hushuka vyumba vya chini. Kwa mama, pale katikati hakikuwa kinapita kitu. Juu wanapiga 80, chini wanajipigia wenyewe 34, kila upande na ngoma yake.

Dawa ya kumeza ya kuunganisha hiyo njia hakuna. Akawekewa pesimeka, kifaa kidogo cha betri kinachoupigisha moyo, pale JKCI (Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete) Muhimbili, chini ya mtulinga wa kushoto, kwa ganzi ya sehemu tu, anapiga stori na manesi. Betri hudumu kama miaka 10, na kliniki ni lazima. Simu haiwekwi mfuko wa kifuani, na mkono wa kushoto asiuinue juu ya bega kwa wiki kadhaa. Hilo ndilo gumu, maana kila nikigeuka nakuta ananyoosha mkono kabatini.

Jana tumepima: 60. Hajaanguka tena.