Zinki na usugu wa insulini: mdogo wangu aendelee na vidonge?

Dada wa Mkomani, Lamu
Assalamu alaikum. Mdogo wangu wa miaka 24 amekaa miezi mitano bila kuona siku zake, na baada ya vipimo ameambiwa ana sindromu ya ovari zenye vifuko vingi na kwamba mwili wake umekuwa sugu kwa insulini, yaani hauitikii vizuri homoni hiyo inayoshusha sukari ya damu. Shingoni ana weusi ambao mama yetu amekuwa akiusugua kwa ndimu na liwa mwaka mzima, akidhani ni uchafu. Daktari amempa metformini, dawa inayousaidia mwili kuitikia insulini. Muuza dawa naye akamwongezea zinki ya miligramu 50, kidonge kimoja kila siku bila kikomo, na akikimeza asubuhi kabla ya kula huchafukwa na moyo. Je, zinki inahusiana vipi na insulini, na tuipime kwanza katika damu?

Muuguzi mstaafu, Malindi
Waalaikumu salaam, mwanangu. Kwanza mwambieni mama aache kusugua, kwa sababu weusi huo unaletwa na insulini iliyozidi, ambayo huzichochea seli za ngozi kuongezeka. Insulini hiyohiyo huzisukuma ovari kutoa homoni za kiume kupita kiasi, mayai yasipevuke, na hedhi ikapotea.

Uhusiano wa zinki upo kweli: kongosho huiweka akiba ya insulini katika mafungu ya molekuli sita sita yanayoshikanishwa na zinki. Hata hivyo, tafiti zilizopima zinki ya damu kwa wanawake wenye hali hii zinapingana, nyingine zikiikuta pungufu na nyingine zikiikuta imezidi. Zinki iliyomo katika majimaji ya damu haifiki asilimia 1 ya zinki yote mwilini, tena hubadilika kwa saa, kwa chakula na kwa maradhi. Fedha za kipimo hicho ningeziweka kwa kipimo cha vitamini B12, ambayo metformini huweza kuipunguza ikitumiwa kwa muda mrefu.

Mshauri wa lishe, Langoni
Dozi ndiyo inayonitia wasiwasi. Mwanamke mzima huhitaji miligramu 8 kwa siku, na kikomo kinachotumika Marekani ni 40. Ni kweli kwamba katika jaribio dogo la Iran lililochapishwa mwaka 2015, waliopewa miligramu 50 walipata nafuu katika vipimo vya insulini, lakini walizitumia kwa wiki 8 tu. Zinki nyingi ikiendelea kwa muda mrefu huzuia shaba isifyonzwe, na shaba ikipungua, damu nayo hupungua.

Chaza na kaa wa mikokoni kwetu wana zinki nyingi, chaza hasa. Maharagwe na mtama pia wanayo, ila faiteti, kemikali ya asili iliyomo katika nafaka na kunde, huishika isifyonzwe vizuri. Kwa hiyo maharagwe yalowekwe usiku kucha na maji yake yamwagwe, na unga wa mtama uachwe uchachuke kabla ya kuokwa.

Dada wa Mkomani, Lamu
Nawashukuru sana. Chupa ya zinki tumeiweka kando mpaka aonane na daktari wiki ijayo, na jambo la B12 nimeliandika nyuma ya kadi yake. Mama ameyasoma majibu yenu, akamwita mdogo wangu na kumwomba radhi.