Kabati la droo la msonobari la enzi ya Victoria: nilitumbukize kwenye tangi la kostiki?

Zuhura_K
Habari zenu wadau. Nina kabati la droo nne hapa Uingereza, la msonobari, limepakwa rangi ya krimu. Pale ilipobanduka naona kahawia yenye michirizi kama ya mwaloni. Muuzaji anasema ni la enzi ya Victoria (malkia wa Uingereza, 1837–1901), nilipeleke likatumbukizwe kwenye kostiki soda, kemikali kali ya kuvua rangi, "lirudi asili yake". Je, tangu mwanzo lilikuwa halina rangi? Na umri wake nitaujuaje?

Fundi_Patasi
Dada Zuhura, hilo la "asili yake" si kweli. Katika karne ya 19 msonobari ulikuwa mbao za bei nafuu, zikiletwa kwa meli kutoka Norway na bandari za Baltiki kama Riga. Fanicha zake ziliwekwa zaidi jikoni na vyumbani kwa watumishi, na seremala alizitengeneza akijua zitapakwa rangi. Hiyo michirizi ni ufundi: rangi ya msingi, juu yake kahawia nyepesi, kisha kitana kinapitishwa kabla haijakauka. Yaelekea ndiyo sura ya kwanza ya kabati lako.

Kupenda msonobari mtupu kulishika kasi miaka ya 1960 na 1970. Mbunifu Terence Conran alifungua duka la fanicha la Habitat, Fulham Road, London, mwaka 1964, na mbao nyepesi zisizofichwa zikaingia nyumba za vijana. Makabati ya watumishi yalikuwa rahisi kununua, watu wakayavua rangi. IKEA, kampuni ya fanicha kutoka Sweden, ilipofungua duka lake la kwanza Uingereza, kule Warrington mwaka 1987, jicho lilishazoea. Nami naelewa kwa nini: katika nyumba yenye mwanga hafifu wa majira ya baridi, ile rangi ya asali inachangamsha chumba.

Bi_Randa
Umri: toa droo moja, uipindue. Tazama kona. Meno ya mkia wa njiwa, yaani meno yanayopanuka kama mkia wa njiwa na kushikanisha mbao mbili kwenye kona, yakikatwa kwa mkono hayalingani, na mstari wa kupimia bado unaonekana umekwaruzwa kwenye mbao. Yakiwa sawasawa yote, ni ya mashine. Alama za msumeno zilizopinda ni za msumeno wa duara. Skrubu yenye kichwa cha msalaba haiwezi kuwa ya Victoria, ila chunguza kama ilibadilishwa baadaye. Ndani ya uso wa droo tafuta matundu yaliyozibwa, maana vishikio hubadilishwa sana.

Tangi silipendekezi. Gundi ya zamani ilitokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Kostiki yenye moto huilegeza, viungio vinacheza, droo zinapinda. Nyuzi za mbao husimama, uso unakuwa na manyoya. Halafu soda iliyobaki ndani hutokeza unga mweupe na kuharibu nta utakayopaka.

Zuhura_K
Asanteni sana. Nikiamua kuvua droo tu, nianzeje?

Bi_Randa
Kwanza nunua kipimo cha risasi, yaani ile metali yenye sumu iliyochanganywa kwenye rangi. Rangi ya kabla ya miaka ya 1960 mara nyingi inayo, kwa hiyo usipige msasa mkavu wala kuichoma. Lile vumbi ni sumu, hasa kwa watoto. Tumia dawa ya jeli ya kuondolea rangi: paka nene, funika kwa nailoni, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha kwangua kufuata nyuzi kwa kikwanguo butu. Ukilazimisha kikali utachimba, msonobari ni laini. Krimu ikitoka na michirizi ikabaki salama, simama hapo hapo.

Fundi_Patasi
Naongeza mafundo. Kama utapaka rangi tena, pitisha shelaki (vanishi ya utomvu wa wadudu) nyembamba mara mbili juu ya kila fundo, la sivyo utomvu utapenya na kuacha doa la njano. Ukitaka kupaka nta, jaribu kwanza upande wa nyuma. Na kabati lisikae karibu na radieta: mbao hunywea, ubao wa pembeni ukapasuka.