Makabati ya filamu za kidijitali: je, mkusanyiko nilioununua Marekani utakuwa salama nikiishi Nairobi?

Mkaazi wa South B aliuliza:

Wanajukwaa, hamjambo. Nimerejea nyumbani baada ya kufanya kazi Dallas kwa miaka mingi, na katika kipindi hicho nilijenga mkusanyiko mkubwa wa filamu. Nyingine nilizinunua moja kwa moja katika maduka ya mtandaoni, na nyingine nilizipata kwa karatasi ya msimbo iliyokuwa ndani ya kasha la diski ya Blu-ray. Leo zimetawanyika: baadhi ziko Apple, baadhi ziko Fandango at Home, duka ambalo wengi wetu tulilijua kwa jina la Vudu, na nyingi zimeunganishwa kupitia Movies Anywhere, huduma inayounganisha akaunti za maduka mbalimbali. Zamani nilikuwa na akaunti ya UltraViolet pia, lakini mfumo huo ulifungwa. Aidha, duka moja dogo nililokuwa nikinunua kwake liliaga wateja kwa barua pepe moja tu, na filamu kadhaa nilizolipia huko sikuziona tena mahali popote.

Naomba ushauri wa watu wanaoyafahamu mambo haya kwa undani. Ni mfumo upi ninaoweza kuuamini zaidi? Je, nikihamishia akaunti zangu Kenya, filamu zitahama pamoja nami? Ningependa ieleweke kwamba sitafuti nakala za wizi. Fedha nilizotumia ni jasho langu, na ninachotaka ni kile nilicholipia kiendelee kupatikana sebuleni kwangu, kwa ajili ya mama yangu na watoto.

Mhifadhi wa Ngara alijibu:

Karibu nyumbani, ndugu yangu. Kabla ya kujibu ni mfumo upi, ni vyema tuelewe makabati haya, yaani huduma kama UltraViolet na Movies Anywhere, huhifadhi nini, kwa sababu wanunuzi wengi huamini kwamba filamu yao imewekwa mahali fulani ikiwasubiri, ilhali sivyo. UltraViolet, iliyoanza Marekani mwezi Oktoba 2011 chini ya muungano wa studio na kampuni za teknolojia ulioitwa DECE, ilihifadhi sajili ya haki tu, yaani kumbukumbu kwamba mtu fulani amelipia filamu fulani kwa ubora fulani. Filamu yenyewe ilikuwa kwenye seva za duka, na kila duka lilikuwa na programu yake, kufuli lake la kidijitali la kuzuia kunakili na masharti yake. Muungano huo uliahidi pia faili la aina moja ambalo lingepakuliwa mara moja na kuchezwa kwenye kifaa chochote kilichoidhinishwa. Kama ahadi hiyo ingetimizwa mapema na kwa mapana, wewe leo usingekuwa na swali la kuuliza, na mimi huona kwamba hapo ndipo mfumo ule ulipopoteza nafasi yake.

Studio kubwa karibu zote zilijiunga isipokuwa Disney, ambayo ilikuwa na teknolojia yake iliyoitwa KeyChest. Mwaka 2014 Disney ilizindua Disney Movies Anywhere, na mwezi Oktoba 2017 huduma hiyo ikapanuliwa na kuwa Movies Anywhere, ikiwa na Disney, Fox, Sony, Universal na Warner. Paramount na Lionsgate zilibaki nje. Kwa hiyo, UltraViolet ilipotangaza Januari 2019 kwamba ingefungwa tarehe 31 Julai mwaka huohuo, filamu za studio tano zilikuwa na daraja la kuvukia, lakini filamu za Paramount na Lionsgate zilibaki katika lile duka tu ambalo mteja alikuwa ameliunganisha na akaunti yake. Aliyekuwa ameunganisha maduka mawili au matatu hakupoteza kitu cha maana, ila aliyekuwa na duka moja, nalo likafungwa, alijikuta mikono mitupu. Nadhani filamu zako zilizopotea zilipitia njia hiyo.

Ndiyo maana sipendi kusema kabati hili ni imara kuliko lile. Usalama wa mkusanyiko hutokana na idadi ya maduka yasiyotegemeana ambamo haki yako imesajiliwa. Movies Anywhere ina faida kubwa kwa sababu inanakili haki kutoka duka moja hadi jingine, na hivyo filamu ya Warner uliyoinunua Apple huonekana pia Fandango at Home. Hata hivyo, wanachama wake hubadilika. Microsoft iliacha kuuza filamu mwezi Julai 2025, na mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo duka la Google likaacha kushiriki katika mpango huo. Kamilisha kazi ya kuunganisha maduka yote sasa, wakati milango ingali wazi, kisha ukague filamu moja baada ya nyingine uone ni zipi zilizo katika duka moja pekee. Hizo ndizo zenye hatari, na nyingi zitakuwa za Paramount, Lionsgate na MGM.

Kuhusu kuhamishia akaunti Kenya, ushauri wangu ni kwamba usifanye hivyo. Movies Anywhere na Fandango at Home ni huduma za Marekani, na hazikuundwa kwa mteja anayeishi nje ya nchi hiyo. Kwa upande wa Apple, akaunti haibadiliki kwa sababu mwenyewe amepanda ndege. Hubaki ya Marekani mpaka wewe uingie kwenye mipangilio na kuchagua nchi nyingine. Ukishachagua, haki za filamu huhesabiwa kulingana na duka la nchi mpya, na filamu ambayo haipo katika duka hilo yaweza kutoonekana tena. Apple yenyewe huwashauri wateja wapakue walivyonunua kabla ya kubadilisha nchi. Acha akaunti hiyo ilivyo, pakua filamu unazozithamini zaidi kwenye kompyuta, na kama utataka kununua kitu kipya kwa kadi ya benki ya hapa, fungua akaunti nyingine.

Msomaji wa Sheria, Upper Hill, alijibu:

Ninaunga mkono maelezo ya Mhifadhi, na ningependa kuongeza upande wa sheria, kwa kuwa neno "nimenunua" limetumika hapa mara kadhaa. Katika masharti ya maduka haya, mteja hupewa leseni ya kutazama, na leseni hiyo hutegemea mkataba kati ya duka na studio. Mkataba huo ukiisha, duka laweza kulazimika kuiondoa filamu. Jambo hili limewahi kutokea: mwaka 2022 wateja wa PlayStation nchini Ujerumani na Austria waliarifiwa kwamba filamu za StudioCanal walizolipia zingeondolewa kwenye maktaba zao kuanzia tarehe 31 Agosti. Desemba 2023 PlayStation ilitangaza kuondoa vipindi vya Discovery, na ni baada ya malalamiko mengi na mkataba mpya ndipo uamuzi huo ulipobatilishwa, kwa muda usiopungua miezi 30.

Jimbo la California lilichukua hatua kwa kupitisha sheria inayojulikana kama AB 2426, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025. Sheria hiyo inakataza duka kutumia maneno ya kununua kwa bidhaa ya kidijitali bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni tu. Haizuii filamu kuondolewa, lakini inamtaka muuzaji aseme ukweli. La kuzingatia ni kwamba haiwagusi wauzaji wanaompa mteja faili analoweza kulipakua na kulitumia daima bila intaneti. Hata bunge la jimbo hilo limetambua kuwa faili lililo mkononi ni kitu tofauti na ruhusa iliyoandikwa katika sajili ya mtu mwingine.

Hapa kwetu, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidika kikamilifu na bidhaa au huduma, na haki ya kufidiwa anapopata hasara inayotokana na kasoro za bidhaa au huduma. Tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Ninaamini kwa dhati kwamba misingi hii inatosha kudai maelezo kutoka kwa muuzaji anayefanya biashara na Wakenya. Lakini mauzo yako yalifanyika Marekani, chini ya masharti ya Marekani, na sitakudanganya kwamba mahakama ya Milimani itakurudishia filamu zako. Tafadhali kumbuka pia kwamba Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hairuhusu kuvunja kufuli za kidijitali, kwa hiyo njia hiyo uliyoikataa mwenyewe, endelea kuikataa.

Fundi wa Luthuli alijibu:

Diski ulizozitaja ziko wapi? Natumaini hukuziacha Dallas. Diski ndiyo nakala pekee isiyoomba ruhusa kwa mtu, ila inahitaji maandalizi. Diski hufungwa zichezwe kwenye mashine za eneo fulani la dunia: DVD za Marekani ni za eneo la 1, na Kenya iko eneo la 5. Deki nyingi za DVD tunazouza hapa husoma maeneo yote, kwa hiyo hilo si tatizo kubwa. Blu-ray ndiyo yenye ugumu, kwa sababu Marekani ni eneo A na Afrika ni eneo B, na mashine za kawaida hufuata eneo moja. Diski za 4K hazina kizuizi cha eneo hata kidogo. Ikiwa ulikuja na mashine yako ya Marekani, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka ukutani: ikiwa imeandikwa volti 120 pekee, itaungua kwenye umeme wetu wa volti 240 usipotumia transfoma. Nimeshapokea mashine nyingi nzuri zilizokufa kwa namna hiyo.

Mkaazi wa South B aliandika tena:

Nawashukuru nyote kwa moyo wote. Diski ziko nami, na mashine nitaikagua kesho. Yamebaki mambo mawili. Akaunti zangu zote zinathibitishwa kwa ujumbe unaotumwa kwenye laini yangu ya Marekani, ambayo nilikuwa nikipanga kuikata ili niache kuilipia. Pili, je, watoto wangu wanaweza kurithi mkusanyiko huu?

Mhifadhi wa Ngara alijibu:

Usiikate laini hiyo bado. Tume ya Mawasiliano ya Marekani inaruhusu namba iliyokatwa igawiwe mteja mwingine baada ya siku 45, na mteja huyo ndiye atakayepokea misimbo yako ya kuthibitisha. Ingia katika kila akaunti ukiwa na laini ingali hai, uondoe uthibitisho wa ujumbe mfupi, na pale duka linaporuhusu utumie programu ya simu inayozalisha misimbo yenyewe. Misimbo ya dharura iandike kwenye karatasi uihifadhi pamoja na hati za nyumba. Singependekeza uhamishie uthibitisho huo kwenye laini yako ya hapa kama njia ya pekee, kwa kuwa sote tunajua jinsi matapeli wanavyobadilisha laini za watu katika nchi hii. Anza na barua pepe, maana ndiyo inayofungua akaunti nyingine zote.

Kuhusu urithi, jibu linasikitisha. Apple ina utaratibu wa kumteua mtu atakayeifikia akaunti yako baada ya kifo, naye ataona picha, barua na hati, lakini filamu na muziki ulionunuliwa kwa leseni vimeondolewa waziwazi katika utaratibu huo. Kwa filamu ambazo ungependa watoto wako wabaki nazo, tafuta diski zake, hata za mtumba, na uanze na zile za Paramount na Lionsgate ambazo ziko katika duka moja tu.

Fundi wa Luthuli alijibu:

Ukizinunua za mtumba, chagua za 4K kila zinapopatikana, ili watoto wasije wakahangaika kutafuta mashine ya eneo A. Nazo uzihifadhi zikiwa zimesimama ndani ya makasha yake, mbali na dirisha linaloingiza jua la mchana.