Fundi kanipigia Windows mara tatu, kumbe ugonjwa uko kwenye flashi yake

Wakuu, heshima kwenu. Hili jambo nimelibeba tangu Machi na sasa limenifika shingoni.

Nyumbani tuna kompyuta ya mezani, mtumba. Kijana wangu wa kidato cha nne anapakulia mitihani ya NECTA ya miaka ya nyuma, mdogo wake wa darasa la tano anaangalia katuni, mimi na mama yao tunaweka hesabu za duka. Ilikuwa nzito, nikaipeleka kwa fundi hapa mjini. Simtaji jina. Akapiga Windows, yaani akaifuta na kuiweka upya, kwa 25,000, akaniambia, "Mzee, hii sasa ni kama mpya dukani."

Haikumaliza siku mbili. Ukifungua Chrome inakuja tovuti ya kutafutia ambayo hatujawahi kuisikia. Ukiandika "mitihani ya kemia", majibu ya juu yote ni ya kamari. Ukibofya popote, dirisha jingine linafunguka kwa nyuma. Na kule chini kulia zinachomoza arifa kwamba kompyuta ina virusi, bofya hapa kusafisha. Jioni moja binti yangu wa miaka 11 alikuwa anamwonyesha bibi yake katuni, ikaruka picha chafu imejaa kioo kizima. Mama yangu mzazi ameketi pale! Mtoto alikimbilia chumbani akilia.

Nikamrukia kaka yake. Nilimwambia ndiye anayeingia huko usiku. Nikamnyang'anya simu. Aliapa, sikumsikiliza.

Nikarudi kwa fundi. "Watoto hao, mzee, wanafungua mambo mabaya." Akapiga tena Windows, 25,000 nyingine. Siku tatu mchezo ukawa uleule. Mara ya tatu vivyo hivyo. Jumla 75,000, na kila mara lawama anairudisha kwa wanangu.

Wiki iliyopita nikakaa nayo mwenyewe, kijana pembeni yangu, tukaanza kufukua.

Arifa zilikuwa rahisi. Kwenye mipangilio ya Chrome, upande wa faragha na usalama, kuna sehemu ya tovuti na ruhusa zake. Tulikuta tovuti 11 zimeruhusiwa kutuma arifa. Ni zile zinazokwambia ubofye "Ruhusu" kuthibitisha kuwa wewe si roboti. Ukibofya tu, umewapa mlango wa kukutumia matangazo hata kama hauko kwenye ukurasa wao. Hapo watoto walibofya, na nimewaeleza. Tukazifuta zote.

Lakini ile tovuti ya kutafutia ikabaki. Tukaenda kwenye viendelezi (vijiprogramu vinavyoongezwa ndani ya Chrome), tukakuta kimoja kinajifanya cha kusomea PDF, na hakina kitufe cha kukiondoa. Chini ya menyu Chrome imeandika kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika lako. Shirika gani, kwenye sebule yangu?

Jibu liko hapa, na kila mwenye kompyuta ya nyumbani alijue. Makampuni na mashule yana njia halali ya kukiwekea kivinjari sera, yaani masharti ya lazima, ili mfanyakazi asizibadilishe. Wahalifu wanaandika sera hizohizo kwenye rejista ya Windows yako, pale Windows inapohifadhi mipangilio yake. Andika chrome://policy pale juu kwenye anwani. Sisi tulikuta mstari wa ExtensionInstallForcelist (orodha ya viendelezi vinavyowekwa kwa lazima), na mbele yake utambulisho wa kile kiendelezi, herufi 32 zisizosomeka. Tukafungua regedit, programu ya kuhariri rejista, HKEY_LOCAL_MACHINE, kisha SOFTWARE, Policies, Google, Chrome, tukafuta. (Kama ni kompyuta ya ofisini usiguse, huko huenda ni sera halali.) Tukazima, tukawasha. Imerudi!

Ilikuwa imejificha kwenye Task Scheduler, sehemu ya Windows ya kupangia kazi za kujiendesha: kazi inayojiendesha kila mashine ikiwaka na kuandika upya sera zile. Futa hiyo kwanza pamoja na faili inaloliita, ndipo ushuke kwenye rejista. Zima pia usawazishaji wa akaunti ya Google mpaka umalize, kwa sababu mipangilio mibovu hupanda kwenye akaunti na kukushukia tena kwenye Windows mpya.

Sasa sikilizeni kilichonitoa machozi ya hasira. Lile faili lilikuwa ndani ya folda ya programu ya kuamsha Windows bila leseni, ile aliyoweka fundi. Folda hiyo imewekwa kwenye orodha ya vitu ambavyo Windows Security haivikagui. Yaani mlinzi ameambiwa afumbe macho, na tarehe ya folda ni siku ileile niliyolipa. Nikaenda kwa shemeji yangu, ambaye laptop yake ilipita kwa fundi huyo huyo. Tumeziandika herufi 32 kwenye karatasi na kuzilinganisha moja moja. Ni zilezile. Duka la steshenari jirani yetu, fundi yuleyule, herufi zilezile. Kinachoziunganisha mashine hizi ni flashi ya fundi anayowekea Windows.

Kiendelezi kile kilikuwa na ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye kila tovuti. Kila tovuti, wakuu! Mke wangu aliingia benki ya duka kupitia kompyuta hiyo. Nimebadilisha nywila zote kwa kutumia simu, na benki tumeijulisha. Bado sijalala vizuri.

Fundi anayetoza pesa za watu hawezi kusema hakujua. Mara mbili nimemrudishia mashine ileile yenye tatizo lilelile, na mara tatu amechomeka flashi ileile bila hata kuikagua.

Kijana nimemwomba radhi mbele ya mama yake na simu nimemrudishia. Kesho saa tatu asubuhi naenda kwa fundi na karatasi yangu, shemeji tunakwenda wote. Nataka 75,000 yangu, nataka flashi ifutwe nimesimama pale, na nataka awapigie wateja wake wengine. Nitaleta mrejesho hapahapa.

Wewe uliyepigiwa Windows mtaani, fungua chrome://policy sasa hivi uandike hapo chini ulichokuta.